Shimo la Valvu ya Josho

Jumanne, mwezi wa kumi, mwaka 1953. Upepo tangu alfajiri kutoka upande wa Tunduma, mwekundu kwa vumbi. Mawingu yalikuja mchana, yakatutazama, yakaenda zake. Mvua bado.

Ndivyo nilivyozoea kuanza, tarehe kwanza halafu hali ya hewa, kwa sababu mwalimu wetu wa misheni alitufundisha hivyo, na mimi sikuvuka darasa la nne, kwa hiyo namna nyingine siijui. Yaliyobaki ya siku ile naandika kwa kukumbuka tu. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Kituo chetu kilikuwa kwenye njia ya kutoka Tunduma kwenda Ndalambo: baraza la mahakama, zahanati ya vyumba viwili, maduka machache, na josho la ng'ombe kwenye mwinuko nyuma ya maduka. Maji yalitoka kwenye chemchemi mlimani, yakakusanywa katika tangi la saruji, yakashuka kwa bomba moja. Karibu na baraza bomba hilo liligawanyika. Njia moja iliteremka mpaka bomba la baraza, ambako watu wote walichota. Nyingine ilikwenda joshoni. Tangi lilikuwa juu kabisa, josho katikati, na bomba la baraza chini ya yote. Naeleza hivyo kwa sababu mambo yote ya siku ile yalitoka katika mpangilio huo.

Dawa ya josho ilikuwa ya kuua kupe, na ilikuwa sumu kwa kiumbe chochote. Tuliijua. Ng'ombe waliotoka kuoga walizuiwa uani mpaka wakauka, wasiende kudondosha maji yale kwenye majani.

Bwana wa maji wa serikali alipokuja kukagua alikuta mpira wa kujazia maji umelala ndani ya josho, mdomo wake umezama katika dawa. Hakugomba. Alichutama tu, akautazama kwa muda, kisha akasema na fundi wetu kwa Kiingereza. Fundi, mtu wa Rungwe, mpole, alinieleza baadaye, mimi msaidizi wake, kwa maneno niliyoyaelewa. Tangi likifungwa, bomba likabaki halina msukumo, halafu mtu akafungua koki kule chini barazani, bomba litanyonya kama mtoto anavyonyonya, na kitakachonyonywa ni josho.

Kwa hiyo tuliletewa valvu ya njia moja. Ilikuwa kipande cha shaba nyeupe-nyeupe cha ukubwa wa ngumi mbili, na ndani yake kifuniko kidogo kinachoning'inia kwenye bawaba. Maji yakienda mbele, kifuniko kinainuka. Yakitaka kurudi, kinajibana. Nilikaa nayo barazani siku nzima ile ya kwanza nikiipuliza. Upande huu pumzi inapita, upande ule inagoma.

Mzee mmoja wa baraza alikuja kuitazama.

"Kwa hiyo serikali imetuletea mlango wa maji," alisema. "Na ufunguo atakaa nao nani?"

"Hauna ufunguo, mzee," fundi akamjibu. "Ukishapita hurudi."

"Ah. Kama ndoa."

Watu walicheka, nami nilicheka, ingawa lilinigusa zaidi yao. Wakati huo mke wangu alikuwa kwao. Alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyokuwa desturi kwa mtoto wa kwanza, na alikuwa amekwisha kujifungua. Mtoto wa kike, niliambiwa. Mimi nilikuwa sijamwona. Kwa Wanamwanga wa upande wetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, wala hasemi naye, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na yeye apeleke kuku na jembe kwa wakwe, na wazee wakae, wamfungulie njia. Jembe nilikuwa nalo. Kuku alikuwepo nyumbani kwetu, kuku mwekundu wa mama yangu. Kilichokuwa hakijawa ni wazee kukaa, kwa kuwa baba mkwe alikuwa amekwenda ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zake, na bila yeye hakuna kikao.

Nyumba yao ilikuwa karibu na baraza, ukitoka tu bombani. Kwa hiyo kila siku nilizunguka nyuma ya maduka kwenda kazini, na kurudi vilevile, nisije nikamkuta mama mkwe njiani. Nilikijua kijiji kile kwa migongo ya nyumba zake. Jioni nyingine nilisikia mtoto analia upande ule, nikasimama nyuma ya duka la nguo nikiwaza kama ndiye, au ni wa nyumba nyingine. Simlaumu mtu kwa hilo. Mama mkwe naye alikuwa anazunguka vilevile kunikwepa mimi, na yeye ana magoti mabovu.

Sasa siku yenyewe.

Fundi alipanga vizuri, nataka hilo lijulikane. Jana yake alikuwa amemwambia mlinzi wa josho autoe mpira kwenye maji ya dawa, na mlinzi aliutoa, nilimwona kwa macho yangu. Vilevile tarishi wa baraza alitangaza kwamba kesho asubuhi bomba litafungwa, mtu asichote. Tarishi alitangaza kwa sauti nzuri, kwa Kiswahili, kama alivyotangaza mambo yote ya serikali. Waliokuwa madukani walisikia. Kina mama waliokuwa wakipita kutoka shambani walisikia sauti. Kama walielewa neno "bomba" na wakaacha mengine yote, hilo ni kosa la nani, mimi sijui. Hata mimi sikufikiri kulisema kwa Kinamwanga, na nilikuwa nimesimama pale pale.

Na alfajiri ile wachungaji walileta ng'ombe, josho likaonekana limepungua, mmoja wao akaurudisha mpira ndani na kufungua koki yake ili mlinzi akija asipate taabu. Alitaka kusaidia.

Fundi alipanda mlimani kufunga koki kuu ya tangi. Mimi niliachwa kwenye shimo tulilolichimba pale bomba linapogawanyika, hatua chache juu ya bomba la baraza. Shimo lilinifika kifuani. Nikiinama kazini sikuonekana. Nilikuwa na spana ya bomba, msumeno wa chuma, katani za kuzungushia nyuzi za bomba zisivuje, na ile valvu juu ya kipande cha gunia.

Koki kuu ilipofungwa nilijua, kwa sababu mvumo wa maji katika bomba ulikatika. Nilingoja kidogo. Halafu mvumo ukarudi, mwembamba.

Niliweka sikio kwenye bomba. Maji yalikuwa yanatembea. Tangi limefungwa, na maji yanatembea. Nilifikiri labda fundi hajafunga vizuri, na nikajisikia vibaya kumfikiria hivyo. Nikalegeza kiungo cha njia ya joshoni nusu mzunguko, tone likatoka, nikalinusa. Lami na sabuni. Hakuna kitu kingine duniani chenye harufu ile.

Kumbe nje ya shimo, kule barazani, mtu alikuwa amefungua koki.

Hapa nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa jema. Nilikifungua kiungo chote, bomba likaachana, ili josho lisinyonywe tena. Likaacha kunyonywa, ndiyo, lakini likaanza kunimwagikia mimi. Nilivua shati, nikalisokomeza katika mdomo wa bomba la joshoni, nikaubana kwa viganja viwili. Josho lote likawa nyuma ya viganja vyangu. Mdomo wa pili, ule unaoteremka barazani, ulikuwa wazi pale chini karibu na miguu yangu. Nikiachia, shimo litajaa dawa, na dawa itaingia katika mdomo ule na kuteremka kwa watu. Fundi aliniuliza baadaye kwa nini sikuuziba ule mdomo wa pili kwa lile shati, kisha nikatoka shimoni. Ni kweli ingefaa zaidi.

Basi nilikuwa nimefungwa pale, nimeinama, mikono mbele kama mtu anayesukuma mlango usifunguliwe. Na maji yaliyokwisha kupita, yale yaliyojaa bomba kutoka shimoni mpaka kwenye koki, yalikuwa yanaendelea kutiririka taratibu katika chombo cha mtu.

Nilifungua mdomo niite. Ndipo nikasikia sauti yake.

"Leo maji yamechoka," alisema mama mkwe wangu. "Yanatoka kama mzee anayekojoa."

Kina mama wawili watatu walicheka. Mmoja alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mpaka aliyeolewa kwetu, mwenye ulimi mwepesi; sauti yake niliijua, kila mtu aliijua.

"Kina nani wanakungoja nyumbani, mukwai, mbona una haraka?" yule wa ng'ambo aliuliza. Alipenda kumwita kila mtu mukwai, ndiyo heshima ya kwao.

"Mzazi. Anataka uji. Na mtoto hajaogeshwa."

Ni mke wangu huyo na mtoto wangu, nami niliyasikia maneno hayo nikiwa na dawa ya josho viganjani.

Wasomaji ambao hawakulelewa kwetu watasema, sasa si upige kelele. Nami nasema ni kweli. Lakini tangu nioe sikuwahi kutoa sauti mahali alipo mwanamke yule. Ukilelewa hivyo, koo lenyewe linajifunga kabla hujafikiri, kama kile kifuniko cha shaba.

Kwanza niligonga bomba kwa kisigino.

"Sikia, bomba linagonga," mmoja alisema.

"Lina njaa," yule wa ng'ambo akajibu.

Nikagonga tena. Wakacheka tena. Nikasikia chombo cha udongo kikisogezwa kwenye saruji, kile cha kwanza kikiondolewa, na mama mkwe akiguna kuinua.

Desturi yetu ina kijidirisha. Mtu akilazimika kusema na mama mkwe yuko karibu, huongea na kitu: mbwa, kiti, ukuta. Mama mkwe husikia, na mwiko unabaki salama. Nilitazama nilicho nacho shimoni. Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Wewe spana. Waambie walioko juu wasichukue maji hayo."

"Mukwai," alisema yule mwanamke wa ng'ambo, "shimo linasema na spana."

Nilitaka kuendelea. Nilikuwa nimeanza tu, na lile la muhimu zaidi, kwamba ni dawa ya ng'ombe, lilikuwa bado mdomoni. Lakini mama mkwe alikuwa ameitambua sauti yangu. Naye alifanya jambo ambalo mwanamke yeyote mwenye adabu angelifanya, na ambalo mama yangu mwenyewe angelifanya: alijifunika uso kwa kitambaa, akageuka, akaondoka haraka asije akaniona. Na kwa kuwa mtungi ulikuwa umekwisha kukaa kichwani, aliondoka nao.

Niliyasikia magoti yake mabovu yakienda. Kadiri nilivyosema na spana ndivyo alivyozidi kukaza mwendo.

Hapo niliachia bomba.

Nilipanda shimoni bila shati, kaptura imeloa, mikono inanuka. Nilimwambia yule mwanamke wa ng'ambo, "Dada, funga koki, simama hapo, mtu asiguse, hiyo ni dawa ya josho," na namshukuru mpaka leo, kwa sababu hakuuliza neno. Alifunga koki, akaikalia.

Halafu nikakimbia. Barazani palikuwa na kesi siku ile, kwa hiyo wazee, washitaki na washitakiwa wote walikuwa nje wakingoja, na wote walimwona mkwe kifua wazi akimkimbiza mama mkwe wake mchana kweupe. Mtu mmoja alisema, "Sasa hii ni kesi gani?" Mimi nilikuwa naita, "Weka chini, weka chini," nikisema na njia, na mawe, na chochote, na yeye kila nikiita aliongeza mbio. Sijaona mtu akikimbia na mtungi kichwani namna ile. Hakumwaga tone. Ningetamani angemwaga.

Mlango wa nyumba yao ulikuwa mbele. Nilikwisha kuiona nguo ya mtoto imeanikwa juu ya uzio.

Nilikata kupitia shamba la mihogo, nikatokea mbele yake kwenye njia, nikasimama. Nikamtazama usoni. Kitambaa kilikuwa kimeteleza. Nilimwona ana uso wa mke wangu, uliokaa juani zaidi.

"Mama," nikasema. "Maji hayo ni ya josho. Usimpe mtoto."

Alinitazama. Sikumbuki kwa muda gani, na sitaki kubuni. Kisha alipiga magoti polepole, akautua mtungi, akaondoa majani ya juu yanayozuia maji kuruka, akainama akanusa. Akainuka, akausukuma kwa mguu. Mtungi ukalala, maji yakatoka yote, ardhi ikayanywa upesi kama inavyokunywa mwezi wa kumi.

Alijifunika tena. Alipata pumzi kwanza. Halafu akausemesha mtungi.

"Mtungi," alisema, "mwambie mtu huyu akavae shati."

Akaenda zake ndani mikono mitupu. Nilibaki nimesimama. Nyuma ya ukuta ule mtoto alikuwa anakohoa kile kikohozi kidogo cha watoto wachanga, na sikuwa na ruhusa ya kupiga hatua moja mbele. Mwiko niliouvunja njiani ulikuwa bado mzima mlangoni.

Niliporudi fundi alikuwa ameshuka mlimani. Alipoona maji ya dawa yanafurika kutoka shimoni alikwenda joshoni akautoa mpira mwenyewe. Tukamtafuta aliyechota kwanza, yule aliyefungua koki kabla ya mama mkwe kufika. Alikuwa ameyatumia maji yale kukandia udongo wa kusiriba ukuta, basi mikono yake ndiyo iliyooshwa na kuoshwa tena. Hakuna aliyekunywa. Nasema hivyo kwa sababu tuliuliza nyumba kwa nyumba, kwa Kinamwanga safari hii, na tarishi mwenyewe alitembea nami akiniomba nimfundishe maneno.

Adhuhuri tulifunga valvu. Fundi alinipa spana nikaze mwenyewe. Tulifungua tangi, tukaacha maji yakimbie kwenye koki mpaka jioni, kisha tukaifunga kwa waya, na bwana wa dawa wa zahanati akasema isifunguliwe mpaka yeye aseme. Kabla hatujafukia shimo fundi alifunga tangi tena, akafungua koki ya chini, tukaweka masikio kwenye bomba wote wawili. Kifuniko kiligonga mara moja ndani, tak, halafu kimya. Hakuna kilichorudi.

"Imeshika," alisema fundi.

"Kwa nini hatukuweka hii kwanza," nikasema, "ndipo tufunge tangi?"

"Utaiwekaje bila kufunga tangi?"

Nilifikiri. Hakukuwa na namna. Ili kuizuia hatari ile ilitubidi kwanza tuifungulie mlango. Bado nahisi palikuwa na njia ambayo mtu mwenye akili kuliko mimi angeiona.

Wazee wa baraza waliahirisha kesi zao wakasema juu yangu. Walikuwa waungwana. Mmoja alisema nimevunja heshima, mwingine alisema nimeokoa nyumba, na yule mzee wa ufunguo alisema vyote viwili ni kweli, basi kuku aende leo leo, lakini aende kama faini, si kama zawadi. Zawadi itangoja baba mkwe arudi kutoka ng'ambo, na mpaka hapo niendelee kupita nyuma ya maduka.

"Lakini amekwisha kuniona, mzee," nikasema.

"Amekuona, ndiyo. Hajakuona kwa desturi."

Sikuona uonevu katika hilo. Niliona uzito tu. Kwamba nimesimama mbele ya uso wa mama mkwe, nimemwita mama, na kesho nitazunguka tena nikitega sikio nyuma ya duka la nguo. Baba yangu alimkamata kuku mwekundu, akamfunga miguu, akampeleka mwenyewe. Aliporudi nilimwuliza kama amemwona mtoto.

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Mdogo," alisema baba. Halafu, kwa kuwa alinihurumia, akaongeza, "Ana masikio yako."

Nilinawa kwa majivu, nikanawa kwa sabuni, nikanawa tena kwa majivu, na mikono ilikuwa bado inanuka lami. Mama alinikataza kutia mkono katika sahani ya wote. Alikuwa amepika kwa maji ya mtoni, na kila mmoja wetu alinusa kikombe chake kabla ya kunywa, hata baba, ambaye alijifanya anapuliza nzi. Tulikula ugali wa ulezi na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Mimi nilikaa mikono nyuma, mama akinimegea tonge na kunilisha, kama mtoto.